Kujijengea nyumba Uingereza bila kulipa CIL: karatasi zinazotakiwa, na wakati wa kuzitafuta

Jikoni kwangu, juu ya kabati la vikombe, kuna faili la bluu limevimba kama begi la mtu anayerudi nyumbani Desemba. Karibu yote yaliyomo ni risiti za mbao, saruji na misumari. Karatasi zenye kazi hasa ni sita tu, na hizo sita ndizo zilizonizuia kulipa pauni elfu kumi na saba na ushei za tozo iitwayo CIL. Nilizihangaikia hadi wiki za mwisho, mbili kati yake nikizipata kwa kubembeleza watu kwenye simu, kwa sababu sikuelewa mapema jambo moja: ushahidi unaoutoa nyumba ikiisha huandaliwa kabla koleo la kwanza halijagusa udongo.

Mwongozo huu ni kwa anayejenga England au Wales. Scotland na Northern Ireland hawana tozo hii.

Tozo yenyewe ni nini

CIL, ambayo wenyeji huitamka "sil", ni tozo ya miundombinu ya jamii. Ilizaliwa na Sheria ya Mipango ya mwaka 2008, na kanuni zake zikaanza kutumika Aprili 2010. Halmashauri hupima eneo la sakafu ya ndani la jengo jipya, huzidisha kwa kiwango ilichojiwekea kwa kila mita ya mraba, kisha hurekebisha kwa faharasa ya bei. Nyumba yangu ni mita za mraba 140 na kiwango cha kwetu ni pauni 125, kwa hiyo hesabu ilianzia pauni 17,500 kabla ya faharasa. Kwa fedha hiyo ningeezeka na kuweka madirisha.

Si kila halmashauri inatoza. Zipo zisizowahi kuanza, na zipo zenye viwango tofauti kwa kila mtaa. Ukiwa London unakutana na mbili kwa mpigo: ya halmashauri ya eneo lako, na ya Meya iliyochangia reli ya Elizabeth. Tangu Aprili 2019 ile ya Meya ina ngazi za pauni 80, 60 na 25 kwa mita ya mraba kabla ya faharasa, kutegemea eneo. Msamaha tunaouzungumzia hapa unazifuta zote mbili.

Msamaha huo ulianza tarehe 24 Februari 2014. Unamhusu mtu anayejijengea nyumba au anayemlipa fundi amjengee, mradi yeye mwenyewe aishi humo kama makazi yake pekee au makuu. Huhitaji kushika mwiko. Rafiki yangu mmoja aliacha kuomba akidhani ni kwa ajili ya wanaopanga matofali kwa mikono yao, akalipa tozo nzima huku mkataba wa fundi uko mezani kwake. Hakuna kikomo cha kipato. Lakini kampuni haiwezi kuupata: kampuni hailali, haiamki, wala haipikii watoto uji. Kama umenunua kiwanja kwa jina la kampuni yako kwa sababu za kikodi, mwone wakili kabla hujaendelea, maana anayeomba lazima awe mtu anayekuja kuishi hapo.

Kabla ya kuanza: mpangilio usiobadilika

Fomu zote za CIL zina namba. Usihangaike na majina yake marefu, shika namba.

Fomu namba 1 inakwenda pamoja na ombi la kibali cha mipango. Ndiyo inayoieleza halmashauri ukubwa wa jengo, na ina mahali pa kusema kwamba unakusudia kuomba msamaha. Kuweka alama pale si kuomba. Ni kupiga hodi tu.

Kibali kikishatoka unatuma fomu namba 2, unayokubali kwayo kubeba dhima ya tozo. Wengi hushtuka: nitakubalije kudaiwa kitu ninachotaka kusamehewa? Ndivyo kanuni ilivyo. Anayesamehewa ni yule tu aliyekwisha kusema "deni hili ni langu". Kama kiwanja kina majina mawili, la mume na mke, wekeni majina yote mawili kwenye fomu hii na kwenye zote zitakazofuata, vilevile yalivyo kwenye hati.

Kisha fomu namba 7, sehemu ya kwanza. Hapa unatangaza kwamba nyumba ni ya kujijengea, kwamba utaishi humo kwa miaka mitatu baada ya kukamilika, na kwamba utaleta ushahidi. Katika hatua hii hakuna anayekudai bili wala hati. Ni ahadi yako na sahihi yako.

Halafu unasubiri. Neno hili nalirudia kwa sababu ndipo watu wanapoangukia: unasubiri jibu la maandishi kwamba msamaha umekubaliwa. Ukianza kazi kabla halmashauri haijakujibu, ombi lako limekufa hapo hapo, hata kama fomu waliipokea wiki tatu zilizopita.

Mwisho ni fomu namba 6, taarifa ya kuanza ujenzi. Lazima iwafikie angalau siku moja kabla ya siku unayoanza. Zamani kuisahau kulikupokonya msamaha wote. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 adhabu imelegezwa: ni asilimia 20 ya tozo ambayo ungelipa au pauni 2,500, ipi iliyo ndogo. Kwa hesabu yangu mimi asilimia 20 ingekuwa pauni 3,500, kwa hiyo ningelipa 2,500 kwa kosa la kutotuma karatasi moja.

"Kuanza" maana yake nini

Sisi tukisema ujenzi umeanza tunawaza msingi. Sheria yao inawaza kitu kidogo zaidi. Chini ya kifungu cha 56 cha sheria yao ya mipango ya mwaka 1990, kazi yoyote ya kujenga inahesabika, kuchimba mtaro wa msingi kunahesabika, kulaza bomba kuelekea msingi kunahesabika, na kubomoa kunahesabika.

Kubomoa ndiko kulikokaribia kuniponza. Kwenye kiwanja changu kulikuwa na banda la gari, bovu, mlango wake umeliwa na kutu. Fundi alikuwa amekodi mtambo kwa ajili ya kazi nyingine ya jirani, akanipigia Ijumaa jioni: kesho nalisukuma lile banda dakika ishirini, bure, tusilipie mtambo mara mbili. Nilikuwa nimeshasema sawa. Mke wangu, aliyekuwa akisoma barua ya halmashauri mezani, akauliza: "Jibu la ile fomu ya saba limekuja?" Lilikuwa halijaja. Lilikuja siku kumi na moja baadaye. Banda lilikuwa ndani ya kibali kilekile, kwa hiyo zile dakika ishirini za bure zingenigharimu pauni 17,500.

Ndugu wa jambo hili ni kibali cha baada ya tendo. Umejenga kinyume na kibali, au umebomoa kuta zaidi ya ulizoruhusiwa, unaomba kibali kipya cha kuhalalisha yaliyokwisha kufanyika. Msamaha hapo haupo, kwa sababu kisheria ujenzi huo unahesabiwa umeanza siku kibali kinapotolewa, na hakuna siku iliyobaki ya kuomba kabla yake. Suala hili lilipelekwa mahakamani katika kesi dhidi ya halmashauri ya Hertsmere, likafika Mahakama ya Rufaa mwaka 2022, na mwenye nyumba akashindwa. Kwa hiyo fundi akikuambia ukuta huu umeoza afadhali tuuangushe wote, simamisha kazi, piga simu kwanza.

Kama unataka kubadilisha masharti ya kibali katikati ya ujenzi, kwa mfano kuongeza chumba, uliza kwa barua pepe kama msamaha wako unahamia kwenye kibali kipya au unaomba upya, na subiri wajibu. Na kama kiwanja chako ni kimoja kati ya vitano vilivyopewa kibali kimoja, hakikisha kibali chenyewe kimegawanywa kwa awamu, kila kiwanja awamu yake. Bila hivyo jirani akichimba msingi wake amekuanzishia na wewe.

Karatasi ya sita inachaguliwa sasa

Hapa naomba utulie, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo niliyemsikia akiieleza vizuri ni mmoja tu, na alikuwa ameshaumia.

Nyumba ikiisha utatakiwa kutoa, pamoja na karatasi nyingine tano, kimoja kati ya vitu vitatu; hicho ndicho ninachokiita karatasi ya sita. Cha kwanza ni dai la kurudishiwa VAT lililoidhinishwa na mamlaka ya mapato, HMRC, chini ya utaratibu wa wanaojijengea nyumba. Cha pili ni waranti maalumu ya nyumba ya kujijengea. Cha tatu ni mkopo wa benki au chama cha mikopo ya nyumba ulioidhinishwa kwa ajili ya kujijengea. Kimoja kinatosha. Lakini kila kimoja kina mlango wake, na milango miwili inafungwa mapema.

Mkopo kwanza. Unaokubalika ni ule unaotolewa kwa awamu kadiri jengo linavyopanda: msingi, kuta, paa. Ukikopa kwa kuweka rehani nyumba yako ya zamani ukapewa fedha zote kwa mkupuo, huo si huu, hata kama kila senti iliingia kwenye tofali. Na wengi wetu tunajenga kwa akiba, kwa mchango wa ndugu, au tunakwepa riba. Kwetu mlango huu haupo.

Waranti ni bima ya kasoro zilizojificha za jengo, kwa kawaida ya miaka kumi. Kampuni inayoitoa hutuma mkaguzi wake, tofauti na mkaguzi wa majengo, kuangalia msingi kabla haujafukiwa, kuta, paa, na mwisho nyumba nzima. Kwa hiyo inanunuliwa mwanzoni. Zipo za kununua jengo likiwa limesimama, ila ni ghali zaidi, na mkaguzi anaweza kutaka pachimbuliwe aone asichokiona. Angalizo: cheti anachoandika mchoraji au mhandisi wako kwamba alisimamia kazi si bima ya kasoro. Usikitegemee peke yake.

VAT ndiyo njia niliyoifuata, nayo ina mtego wake. Kwa nyumba mpya, fundi aliyesajiliwa hukutoza VAT ya asilimia sifuri kwenye kazi yake na vifaa anavyoleta na kuvifunga. Wewe unarudishiwa VAT ya asilimia 20 uliyoilipa kwenye vifaa ulivyonunua mwenyewe. Sasa fikiria mtu aliyempa mkandarasi kila kitu, ufunguo mkononi. Hakununua hata bawaba. Hana cha kudai HMRC, hana mkopo wa awamu, na kama hakununua waranti, karatasi ya sita hana. Nyumba ni yake, anaishi humo, kila mtu anajua, na bado hana karatasi ya sita.

Kwa hiyo kabla hujasaini na fundi, andika kwenye jalada la faili lako: karatasi yangu ya sita ni ipi? Kama jibu ni VAT, hakikisha utanunua kitu cha maana wewe mwenyewe, ankara ziwe na jina lako, na usitupe hata moja. Dai ni la mara moja tu kwa nyumba nzima. Kama huna hakika, nunua waranti. Benki nyingi zitaitaka tu siku ukija kuuza au kukopa.

Anwani, kabla nyumba haijaisha

Kiwanja kipya hakina anwani. Mwanzoni kinaitwa "ardhi iliyo nyuma ya namba 14", na watu wa umeme wanakiita "Ploti 2". Anwani rasmi inatolewa na kitengo cha halmashauri cha majina ya mitaa na namba za nyumba, kisha shirika la posta, Royal Mail, linatoa postikodi. Omba mapema, kuta zikiwa zimesimama. Bila anwani hiyo hupati bili wala barua ya benki yenye anwani inayokubalika, na daftari la wapiga kura haliwezi kukuweka.

Mimi nilichelewa. Bili yangu ya kwanza ya umeme ilikuja "Ploti 2", taarifa ya benki ikaja na namba 14A, cheti cha ujenzi kikasema "nyumba mpya nyuma ya 14". Nyumba ni hiyo hiyo, lakini kwa karani wa CIL hizo ni nyumba tatu. Aliirudisha bili. Kampuni ya umeme ikachukua wiki tano kurekebisha neno moja, na kila nilipopiga simu nilianza hadithi upya na mtu mpya. Ukiona jina la ploti kwenye akaunti ya umeme au maji, lisahihishe siku hiyo hiyo, na utunze barua ya halmashauri inayosema ploti fulani sasa ni namba fulani. Ukiiambatisha, mkanganyiko unaisha.

Cheti kinapofika

Kisheria nyumba yako haikamiliki siku unayohamia, wala siku unayochinja mbuzi. Inakamilika siku cheti cha kukamilika kinapotolewa, ama na idara ya majengo ya halmashauri ama na mkaguzi binafsi aliyesajiliwa. Siku hiyo hesabu mbili za muda zinaanza kutembea: miezi sita ya kuwasilisha fomu namba 7 sehemu ya pili na ushahidi wote, na miaka mitatu ya kuishi humo. Ndiyo maana kukaa mwaka mzima bila cheti kwa sababu ya kishikio cha ngazi ambacho hakijafungwa ni kujiongezea kifungo. Ile miaka mitatu haijaanza.

Ushahidi wenyewe ni huu:

1. Cheti cha kukamilika kwa ujenzi.
2. Hati ya umiliki wa nyumba, iwe ya milki kamili au ya kukodisha kwa miaka mingi.
3. Bili ya kodi ya halmashauri ya nyumba hiyo.
4. na 5. Viwili kati ya hivi: bili ya karibuni ya umeme, gesi au maji, taarifa ya benki ya karibuni, uthibitisho kwamba umo kwenye daftari la wapiga kura la eneo hilo.
6. Kimoja kati ya vile vitatu: VAT, waranti, au mkopo.

Tuzichambue.

Hati unaipakua kutoka ofisi ya ardhi, HM Land Registry, kwa pauni 7. Ingia kupitia tovuti ya serikali, GOV.UK, maana zimejaa tovuti za madalali zinazofanana nayo zikitoza mara nne. Shida inakuja kama kiwanja chako kilikatwa kutoka kwenye bustani ya mtu. Usajili wa kipande kilichokatwa huchukua miezi mingi, na unaweza kumaliza nyumba hati bado inasema ni ya jirani. Muulize wakili wako tangu mwanzo ombi limefikia wapi, na kama halijaisha muda ukikaribia, waandikie watu wa CIL mapema ukiambatisha hati ya uhamisho na uthibitisho kwamba ombi liko mezani.

Bili ya kodi ya halmashauri haitokei yenyewe. Lazima nyumba ipangiwe daraja kwanza na wathamini wa serikali, ndipo halmashauri ikuandikie. Watu wa kodi na watu wa CIL wanaweza kuwa jengo moja, ghorofa moja, na wasijuane. Siku cheti kinapotoka, wajulishe watu wa kodi mwenyewe. Najua hakuna anayekimbilia kuomba bili, lakini hii iombe.

Neno "ya karibuni" kwenye bili na taarifa ya benki kanuni hazikulifafanua. Mimi nisingetuma kitu chenye zaidi ya miezi mitatu. Kwenye taarifa ya benki wanachohitaji ni jina, anwani na tarehe. Miamala yako ifunike kwa wino mweusi kabla ya kuskani. Hawana haja ya kujua unatuma kiasi gani kwa mama kila mwezi.

Daftari la wapiga kura lina jambo linalotuhusu sisi hasa. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda ni raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, kwa hiyo akiishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha hata kama hana pasipoti ya Uingereza. Wengi hawajui. Mkongomani wa Lubumbashi au Mrundi ambaye hajachukua uraia hana nafasi hiyo upande wa England, ingawa Wales wanawaandikisha wageni wakazi kwa chaguzi zao. Yeye ajipange na bili na taarifa ya benki tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hana cha tatu cha kukimbilia. Na kama bili zote za nyumba ziko kwa jina la mke huku msamaha ukiwa kwa jina la mume, ongezeni jina kwenye akaunti sasa, si mwezi wa tano.

VAT kama ndiyo karatasi yako ya sita, huu hapa mtego wa pili. Kinachokubalika ni dai lililoidhinishwa, yaani jibu la HMRC. Risiti ya kwamba umetuma haitoshi. Kwa nyumba zilizokamilika tangu tarehe 5 Desemba 2023, muda wa kudai ni miezi sita badala ya mitatu ya zamani, na dai linatumwa mtandaoni. La nyumba mpya linaitwa VAT431NB. Miezi sita ya HMRC na miezi sita ya CIL inatembea bega kwa bega. Ukituma dai la VAT mwezi wa tano ukijiona bado una muda, jibu litakuja wakati dirisha la CIL limefungwa. Tuma ndani ya mwezi wa kwanza. Ankara zangu zilikuwa 212. Nilizipanga kwa tarehe jioni nne mfululizo, chai na kashata pembeni, na jibu lilifika likiwa na makato madogo ya zulia na friji, vitu ambavyo havirudishiwi.

Majina

Nitasema kwa kifupi ila lisidharauliwe. Majina yetu yana tabia ya kubadilika kwenye karatasi za watu hawa. Abdulrahman anakuwa Abdul Rahman benki, Mr A. Salim kwenye umeme, na jina la babu linaruka kabisa kwenye hati. Chagua mwandiko mmoja, ule wa pasipoti, na uusahihishe kila mahali kabla hujatuma. Kama hauwezi kusahihishwa kwa wakati, weka barua fupi juu ya faili inayosema haya ni majina ya mtu mmoja, na nakala ya pasipoti.

Kutuma

Skani kila karatasi iwe PDF yake, ipe jina linaloeleweka: "1 cheti", "2 hati", na kuendelea, kwa Kiingereza bila shaka. Tuma kwa barua pepe moja ukitaja namba ya kibali na namba ya notisi ya dhima, yaani barua ya halmashauri inayoonyesha tozo ya jengo lako. Omba wathibitishe wamepokea na kwamba hakuna kinachopungua. Usiridhike na jibu la mashine. Mimi nilituma mwezi wa nne, ndiyo maana bili ya "Ploti 2" iliporudishwa nilikuwa bado na nafasi ya kupumua. Usipoleta ushahidi ndani ya miezi sita, kanuni zinalihesabu hilo kuwa tukio la kukupotezea msamaha, sawa na kuiuza nyumba.

Ukitozwa nyongeza ya adhabu unayoona si ya haki, rufaa inakwenda kwa Planning Inspectorate, chombo cha serikali kinachosikiliza rufaa za mipango, ndani ya siku 28. Zinapita upesi.

Miaka mitatu inayofuata

Kinachokuvunjia msamaha ndani ya miaka mitatu tangu tarehe ya cheti ni kuuza, kupangisha nyumba yote, au nyumba kuacha kuwa makazi yako makuu. Ukifanya mojawapo, unadaiwa tozo yote, na unatakiwa kuwaarifu kwa maandishi ndani ya siku 14. Ukikaa kimya, inaongezwa adhabu ile ile ya asilimia 20 au pauni 2,500, iliyo ndogo.

Kupangisha nyumba yote ndipo tunapojikwaa. Mzee anaugua Tanga, unaomba likizo ya miezi minane, unasema nyumba isikae bure, unampa mpangaji kwa mkataba. Umeshapoteza. Mpangaji wa chumba kimoja, wewe ukiishi humo, si tatizo chini ya kifungu hiki. Ndugu anayekulindia nyumba bila kodi si kupangisha, lakini usikae nje hadi ikaulizwa kama makazi yako makuu bado ni hapa.

Kama unaongeza tu

Upanuzi wa nyumba unayoishi ulio chini ya mita za mraba 100 kwa kawaida hautozwi kabisa. Ukizidi hapo, unaomba kwa fomu namba 9. Kijumba cha mama mkwe ndani ya uwanja wa nyumba yako kina fomu namba 8. Hizi hazina zile karatasi sita, ila lile la kuomba na kujibiwa kabla ya kuanza liko palepale.

Miaka mitatu ikitimia, waandikie halmashauri waondoe kumbukumbu ya CIL kwenye rejista ya madeni ya ardhi ya eneo. Wakisahau, itaibuka siku unauza, wakili wa mnunuzi ataiona, na utaanza kulitafuta faili la bluu.